Maji ya Nesi

Alhamisi, 5 Agosti

Nesi anahama! Kliniki inampeleka mji mwingine mwisho wa mwezi. Habari nimezipata kwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, nikiwa napima pazia la mteja. Nikakata fupi. Miaka yote hii namsalimia tu, anaitikia kwa ile sauti yake, narudi kwenye cherehani sijui hata nashona nini. Mnywa maji kwa mkono mmoja kiu yake i pale pale. Mimi nimekuwa nikinywa kwa kidole.

Kesho kikundi cha matembezi kinakwenda kupiga kambi msituni, naye atakuwepo. Nimejiandikisha. Sijawahi kulala nje hata barazani.

Ijumaa, 6 Agosti

Tumefika. Binamu alimaliza hema lake kabla sijauona mlango wa langu. Alikuwa skauti, na haachi kutukumbusha.

Lakini nimepata upenyo! Nesi kasema hanywi maji ya kijito, hata yawe meupe namna gani, mpaka yatokote kabisa. Eti wanyama wako huko juu, na hawana choo. Nikajitolea kuwa bwana maji. Mwenye kiu atapita kwangu, na Nesi ana kiu kama watu wengine.

Jumamosi, 7 Agosti

Kuni mbichi. Moshi. Macho yamevimba. Hata hivyo nilichuja maji kwa kitambaa cha pazia (kipya, haki ya nani), nikayachemsha yakatokota hasa. Nesi akaja na chupa yake, akakaa jiweni kando yangu. Kando yangu! Akasema anatamani maji ya baridi. Mara Binamu huyo, na sufuria aliyoichemsha asubuhi akaifunika, imeshapoa, meno yote nje.

Ningefanyaje? Nesi alipogeuka kumtazama, nikachota maji ya kijito, nikamimina ndani ya sufuria yangu. Yakapoa papo hapo. Nesi akauliza yamepoaje upesi hivyo. Nikasema upepo. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi. Kumwondoa shaka, nikanywa mwenyewe. Vikombe vitatu!

Yeye akanywa ya Binamu.

Jumapili, 8 Agosti

Tumbo! Mama yangu, tumbo! Kila kichaka hapa kinanijua. Nesi kaacha matembezi, kakaa nami kutwa, ananinywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Nikakiri yote. Akasema kuongeza maji mabichi kwenye yaliyochemka ni sawa na kutochemsha kabisa. Akaniita mjinga, lakini kwa upole. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akakiacha pale. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii. Nikafungua kinywa nimwambie asihame. Nikatapika.

Jumanne, 31 Agosti

Ameondoka. Binamu alimbebea sanduku hadi stendi, mimi mwavuli. Nesi alinisihi nichemshe maji maisha yangu yote. Nikaitikia. Basi likakata kona, nami nikabaki nimepunga mkono mpaka mpiga debe akaniuliza nasafiri au vipi. Namkumbuka. Nakumbuka hata kile kijiko.

Nimeulizia kliniki yake mpya. Wanasema wagonjwa wa tumbo hawakai foleni, na nyuma yake kinapita kijito. Nakwenda Jumamosi. Safari hii sinywi vikombe vitatu kama mjinga. Kimoja kinatosha.