Oili Nyeusi ya Pikapu ya Mzee

Jumamosi, 3 Juni

Oili mpya imeingia. Fundi ameweka lita saba kwenye pikapu ya marehemu Mzee, baba yetu, mimi nimesimama kando naangalia mikono yake. Namjua miaka tisa na bado simwamini. Hupiga mluzi akifanya kazi. Mtu mwenye dhamira safi hapigi mluzi chini ya gari.

Sababu ya yote haya: daktari amesema Mama arudishwe nyumbani. Hakusema kupona. Alisema nyumbani. Tangu Machi Mama amelazwa kwa Kaka, chumba cha wageni, kuta za kijani asizozipenda, na ombi lake ni moja. Afie chumbani kwake kule mlimani, kwenye kitanda chake, dirisha likiwa wazi. Kaka akajitolea kumbeba kwa pikapu yake ya petroli, mpya, kiti kinalala mpaka nyuma. Mama akakataa. Alisema ataondoka na ile ya Mzee, kwa sababu mlio wake anaujua. Ya Mzee ninayo mimi. Sikuringa. Nilimtazama tu Kaka, kwa muda.

Safari ni Alhamisi.

Jumapili, 4 Juni

Nimeibiwa!

Nimekwenda sokoni na kurudi, nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Nyeusi tii. Jana imeingia oili ya rangi ya asali, leo inatoka lami. Mwenye macho anaelewa. Nilipokwenda kunywa maji, fundi alikinga ile mpya akanirudishia ya zamani. Ndiyo maana ya ule mluzi.

Nimemfuata kwake, nikamkuta anakula na familia. Akasema, bila kuacha kutafuna, kwamba oili ya dizeli huwa nyeusi siku hiyohiyo. Eti dizeli hutoa masizi, na kazi ya oili yake ni kuyabeba yasigande ndani. Eti ingebaki nyeupe ndipo ningepaswa kuwa na wasiwasi. Nikamuuliza kama mkewe akifua shati likatoka jeusi huwa anampongeza. Mke alicheka. Fundi hakucheka. Akaniambia, Injinia, nenda nyumbani.

Injinia ni jina nililopewa na Kaka mwaka nilipofungua redio ya Mzee ikashindikana kufungwa. Limeenea mpaka kwa watu nisiowajua.

Kuanzia leo gari hili nalihudumia mwenyewe.

Jumatatu, 5 Juni

Uchunguzi. Nimekwenda kumwona Mama. Kaka alipoingia kuoga nikafungua boneti ya pikapu yake. Oili yake safi, kama chai isiyo na maziwa, na haijabadilishwa tangu Aprili! Ushahidi umekamilika. Kaka ana fundi mwingine, ndiyo tofauti pekee.

Stoo kwake kuna galoni ya oili hiyohiyo, lita tano, haijafunguliwa. Imeandikwa 5W-30. Ile ya fundi wangu ilikuwa 15W-40. Hapa huhitaji shule. Tano ni ndogo kuliko kumi na tano, kwa hiyo oili ni nyepesi, injini inazunguka bila kujichosha, na mlima tunaupanda kama tambarare. Fundi aliwahi kuniambia nitazame pia herufi ubavuni mwa galoni, C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Mtu anayeandika risiti kwa penseli ananifundisha herufi.

Nimeichukua. Huo si wizi. Mama ni wetu wote wawili.

Alikuwa macho. Miguu imevimba, vidole vya mikono vimebaki mifupa. Aliniuliza kama gari ni zima, nikamwambia zima kabisa. Akashika mkono wangu akaunusa, akasema nanuka kama baba yangu. Nilitoka nikasimama uani mpaka nikaweza kuona njia.

Jumanne, 6 Juni

Kazi imefanyika. Nimemwaga ile nyeusi kwenye dumu na kuifunga vizuri. Nitaibeba mlimani, iwe kielelezo siku familia itakapokaa kumjadili fundi. Kisha nimemimina galoni ya Kaka, lita tano zote.

Fundi husema injini hii inameza lita saba. Nimepima palepale uani, pua ya gari ikielekea chini langoni, maana uwanja wangu umelala upande. Kijiti kinaonyesha imejaa mpaka kwenye alama! Lita tano tu! Maana yake kila nilipokwenda kwake, lita mbili zilibaki kwake. Miaka tisa. Nilikaa kwenye ndoo nikatafakari ubaya wa binadamu.

Kaka amepiga simu kuuliza kama nimeona galoni yake. Nikamwambia siku hizi watu hawaaminiki.

Jumatano, 7 Juni

Taa nyekundu ya oili imewaka mara mbili nikiwa kwenye foleni. Nilipokanyaga mafuta ikazimika. Ni waya tu. Gari la umri huu halikosi waya unaolegea. Nimebandika plasta juu ya taa, ya kidonda, sikuwa na nyingine. Mama ana macho mepesi na sitaki kitu kinachomwakia usoni.

Jambo lililo zito zaidi ni hili. Shangazi, dada yake Mzee, amefika ili asindikize. Wamepanga msafara bila kuniuliza. Tunaondoka saa nne, Kaka mbele akiwa na Shangazi na magodoro, mimi na Mama nyuma. Kaka mbele! Mama nitampakia mimi, halafu lango la Mzee litafunguliwa na Kaka, na majirani watamshukuru Kaka.

Nimepata njia. Kesho nitafika saa moja na nusu, nitamwambia shemeji, mke wa Kaka, kwamba daktari amependekeza ubaridi wa asubuhi. Kaka saa hizo atakuwa amekwenda kununua dawa za maumivu. Watatukuta mlimani tumeshafungua madirisha.

Alhamisi, 8 Juni

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Kila kitu kilikwenda nilivyopanga. Shemeji aliamini, akamfunga Mama shuka mbili na kitambaa chake cha kichwa, tukamwegemeza kwa mito. Saa mbili tukawa barabarani. Mama alifumba macho akasikiliza injini. Baada ya muda akasema huo si mlio wa gari la mume wake. Nikamwambia nimeliboresha. Akasema linalia kama lina kiu.

Mlima ulipoanza, injini ikaanza kugonga. Kwanza kama kijiko ndani ya kikombe, kisha kama nyundo. Nilifikiri kusimama. Nikafikiri pia kwamba nikisimama Kaka atatukuta. Nikakanyaga mafuta. Kwenye kona ya tatu ilipiga kishindo kimoja ikakwama. Nilizungusha ufunguo mpaka vidole vikaniuma. Hata kukohoa haikukohoa.

Simu haishiki mtandao kwenye kona ile. Nilifungua boneti, moshi ukanipiga usoni. Nilirudi kwa Mama kumwambia ni jambo dogo. Kutoka pale paa la nyumba yake linaonekana, bati lenye kiraka chekundu alichopigilia Mzee. Aliniomba nimgeuze alione. Nikamgeuza. Aliuliza kama dirisha la chumbani liko wazi. Nikasema liko wazi. Kutoka pale halionekani, nilisema tu.

Alitaka maji. Maji yalikuwa kwa Kaka, pamoja na dawa.

Aliumia, na mimi sikuwa na la kumpa zaidi ya mkono. Baadaye hakuumia tena. Niliendelea kumshika kwa sababu nilidhani amelala, kisha nikajua hakulala, nikaendelea kumshika.

Kaka alifika saa sita kasoro. Aliegesha nyuma yetu, akaja dirishani, akatazama ndani. Nikasema ni waya. Alimbeba Mama peke yake mpaka kwenye gari lake. Shangazi alilia njia nzima. Tuliingia lango la Mzee Kaka akiwa mbele, na mimi nikiwa nyuma kabisa, juu ya magodoro.

Jumamosi, 10 Juni

Tumemzika asubuhi.

Fundi alikuja tangu jana, hakuna aliyemwita. Alisikia habari akapanda mlima na gari lake la kuvuta, akaivuta pikapu ya Mzee mpaka uwanjani. Leo baada ya watu kuondoka akalala chini yake. Hakupiga mluzi. Akatoka na kiganja kimejaa chengachenga za chuma, akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa. Oili ile ni ya petroli, nyepesi mno kwa injini hii ya kazi nzito. Tena ni pungufu. Oili hupimwa gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu kwenye mteremko kijiti hudanganya. Kwenye mlima ile kidogo iliyokuwepo ikakimbilia nyuma, injini ikajitafuna. Akaona dumu langu, akachovya kidole, akasema hii niliyoimwaga bado ilikuwa nzima kabisa, ingemfikisha Mama.

Nililifunga dumu kifuniko.

Halafu akabandua ile plasta kwenye dashibodi. Aliitazama, akaitia mfukoni bila kumwonyesha mtu. Heri angenitukana.

Kaka alikuwa amesimama nyuma yetu. Nyuma ya kiti aliona galoni yake, tupu. Nilingoja ngumi, nilikuwa tayari kabisa kwa ngumi. Aliichukua, akaifunga kifuniko, akaiweka ndani ya gari lake mahali pa galoni, kama kitu kizima. Kisha akaniambia neno moja tu, kwamba gari lake nisiliguse. Aliniita mdogo wangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu tukiwa wadogo.

Nimelia stoo, kati ya majembe. Nampenda kaka yangu, na Mama simpati tena.

Jumatatu, 12 Juni

Leo Kaka anamrudisha Shangazi kwake, njia ndefu, kona nyingi. Shangazi ana miaka themanini na moja na kifua kibovu, na ndiye mkubwa pekee tuliyebaki naye.

Sikuweza kukaa tu. Baada ya yaliyotokea, mtu mwenye moyo anawezaje kuacha gari liondoke bila kukaguliwa? Kaka alikuwa ndani anakunywa chai. Gari lake limeegeshwa kwenye njia ya lango, pua juu. Nilifungua boneti taratibu. Nilikosa kitambaa cha kufutia kijiti, nikaingiza mkono kwenye pikapu ya Mzee, kikaja kitambaa cha kichwa cha Mama. Nilisimama nacho. Bado kina harufu yake. Nikafuta kijiti kwa ncha, nikakirudisha, nikapima.

Haikufika hata nusu! Ile oili ya chai, imebaki kidogo mno. Na Kaka hajui, amekaa anakunywa chai.

Hapa ndipo nilipojizidi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimemsikiliza fundi. Si alisema mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba ile ya kwenye dumu ni nzima kabisa? Nikamimina lita mbili, na nusu ya akiba. Kijiti kikasoma vizuri, kwenye alama. Nikafunga boneti kwa viganja, bila kishindo. Asiseme mtu kwamba mimi si mtu wa kujifunza.

Wameondoka saa tatu. Kaka hakuniaga. Shangazi alinipungia mkono. Moshi mweupe ulitoka kidogo, baadaye mwingi, dalili kwamba injini inajisafisha. Nilisimama langoni na kitambaa cha Mama mkononi mpaka wakapotea kwenye kona, nikasikia roho yangu imetulia kidogo.

Kaka alimwambia shemeji kwamba watapiga simu wakifika chini, yaani saa nne na nusu. Sasa ni saa nane. Shemeji ametoka nje mara tatu kutazama barabara. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kwenye kona ya tatu mtandao haushiki.