Mbuzi Sita Kwenda Beni

Jumatatu, 3 Machi
Kosa la wengi ni kuamua mambo ya ndoa wakiwa na hasira. Mimi nilingoja mpaka asubuhi. Wiki mbili zimepita tangu tumzike mke wangu hapa Kimemi. Binti yangu Hadassa alikuja mazikoni peke yake kutoka Beni, akasema tu mumewe Delphin ana magumu. Delphin mwenyewe, kimya. Hata simu hapana. Basi nitamrudishia mbuzi sita wa mahari. Si kuvunja ndoa. Ni kumtisha tu, aje kuomba radhi. Nilimweleza dada yangu Emérence mara mbili, polepole, kama darasani. Akasema: Yaya, kaka yangu, mbuzi ikirudi, bibi ya Delphin naye anarudi. Ulimuuliza kwanza juu ya nini hakukuya? Sikumuuliza. Mkwe hujieleza mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Mbuzi wamepakiwa kwenye Fuso la dereva Manassé, juu ya magunia ya viazi. Beberu amekula barua yangu, kurasa mbili, iliyoeleza kwamba hili ni onyo tu. Nikamkaririsha Manassé maneno yote. Akaitikia huku akikaza kamba.

Jumatano, 5 Machi
Manassé amerudi. Kurasa mbili alizifupisha hivi: Beau-père, baba mkwe, anarudisha mbuzi zenu. Aliwakuta matangani. Mdogo wake Delphin aliuawa na wenye silaha shambani, upande wa Kamango, wiki ileile tuliyozika sisi. Delphin alimtafuta porini siku tisa. Hadassa alinificha habari hiyo ili asiniongezee kilio. Wazee wa Delphin wakahesabu mbuzi, wakasema ni sawa.
Nikapanda moto, yaani pikipiki, kwenda Beni kuwarudisha mbuzi. Nimechelewa. Wawili walikuwa wamekwisha kuchinjwa kwa ajili ya wafiwa. Nikapewa sahani. Nikala. Delphin, kichwa kimenyolewa, alinishikia maji ya kunawa.

Ijumaa, 7 Machi
Hadassa amefika na watoto wawili na mfuko mmoja. Wazee wa Delphin wamesema hawawezi kuzungumza ndoa juu ya kaburi bichi. Matanga yaishe, miezi miwili, ndipo wakae na sisi. Mlango haujafungwa. Hadassa akaniambia: Baba, nakuomba kitu moja tu. Usifanye kitu. Delphin hakunifukuza. Kisha akaenda kufua nguo za watoto, mgongo amenipa.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimweleza Emérence faida za subira, nusu saa nzima. Akasinzia. Hadassa hali chakula. Mtoto mdogo anauliza kila saa baba yake anakuja lini.
Miezi miwili ni mingi. Onésime wa kanisani ni mjane, ana mbuzi wengi, na aliwahi kumsifu Hadassa. Akionekana hapa uani na mbuzi watatu tu, habari itafika Beni kabla ya jioni, na Delphin atakuja mbio. Si kumwoza. Ni kumtisha Delphin tu. Na nimelifikiria tangu jana.
La kufanya leo: kumpigia Onésime kabla ya saa sita.