Ndafu Iliyozunguka Jua

Jumatano, 10 Septemba. Mji wa Sugar Land, ughaibuni.
Nimethibitisha asili ya kivumishi cha Kiingereza "Copernican". Mpolandi mmoja, Kopernik, aliyesema dunia ndiyo hulizunguka jua, aliandika jina lake kwa sura ya Kilatini. Waingereza wakaliongezea mkia. Sasa kila wazo linalopindua mambo huitwa kwa jina lake. Ukoo wetu wa Elimringi hauna kivumishi hata kimoja. Dosari inayorekebishika.

Jumamosi tunamuaga Truphosa, binti wa dada yangu Melania, kabla ya harusi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, huandaliwa siku zote na Leonce wa mji wa Mansfield, muuguzi ambaye unyenyekevu wake una kelele. Nimemwomba Melania kazi hiyo. Akauliza kama nimewahi kuchoma hata mshikaki. Nikajibu kwamba Kopernik naye hakuwahi kufika kwenye jua. Akasema haya, kaka, lakini ukiniaibisha mbele ya wakwe tutakula sahani moja.

Alhamisi, 11 Septemba.
Nadharia imekamilika. Wachomaji wote humgeuza mbuzi juu ya moto. Ushamba. Kwangu moto utakaa katikati, na mbuzi atauzunguka juu ya toroli la bustani. Nimejaribu na toroli tupu. Matokeo bora kabisa. Leonce amepiga simu: Daktari, huyo mbuzi utamgeuza lakini, eti? Nimemjibu kwamba fikra mpya hupingwa kwanza. Amesema basi atakuja na mkaa wa akiba. Wivu.

Jumamosi, 13 Septemba.
Nimesukuma toroli tangu alfajiri. Kizunguzungu na furaha. Ndafu imeingia ukumbini kwa vigelegele, majani mdomoni. Kumbe ubavu mmoja ni makaa. Wa pili ulikaribia kulia mee. Leonce, bila kuulizwa, akaeleza kwamba dunia hulizunguka jua, naam, Daktari, ila pia hujizungusha yenyewe. Hoja sahihi. Ilikuwa ukurasa wa pili wa makala niliyosoma kuhusu Kopernik. Mimi niliishia wa kwanza. Mkaa wake wa akiba ukaokoa ubavu mbichi. Truphosa alicheka hadi akashikiliwa. Melania hasemi nami.

Jumatano, 17 Septemba.
Melania amepiga simu. Si kusamehe. Amesema wauguzi wanaofanya kazi na Leonce, wakiona kazi iliyofanywa upande mmoja, sasa huiita "Elimringian". Hata wasiojua Kiswahili. Imefika hadi mji wa DeSoto. Akauliza kama sioni aibu. Nikauliza kama wanaandika kwa herufi kubwa. Akakata simu.

Kopernik alisubiri miaka mingi. Mimi, siku nne.

Harusi ni mwezi ujao. Nimeagiza toroli kubwa zaidi. Sijapata kusikia pilau iliyozunguka moto.