Sifuri Tuliyoikosa

Jumatatu, 3 Februari

Waraka umefika. Mwalimu Mkuu ameusoma mara mbili, mara ya pili polepole, kwa ajili yetu wenye vichwa vigumu. Kuanzia muhula huu mshahara utafuata matokeo. Mtihani wa kwanza Jumatatu ijayo, wa pili mwisho wa muhula. Darasa likipanda, mwalimu anaongezwa. Likishuka, anakatwa. Likibaki pale pale, naye anabaki pale pale. Na pale pale pangu ni chumba kimoja chenye pazia katikati! Upande huu mimi na mke wangu, mimba miezi saba. Upande wa pili mama mkwe. Chumba cha jirani kiko wazi, na mwenye nyumba amekubali kunishikia mpaka muhula uishe, si zaidi. Lazima nikipate. Watu wanne, pazia moja? Haiwezekani.

Bwana Rula, mwalimu wa Darasa la Nne B, amesema yeye haogopi, yeye ni mtu wa kazi. (Jina hilo amepewa na wanafunzi. Hata sahihi yake huipigia mstari.) Mtu wa kazi! Huandika ubao mzima, akaketi, watoto wakanakili. Nimemwambia tutaonana.

Jumanne, 4 Februari

Nimelipata! Limenijia nikipiga mswaki, nusura nimeze dawa. Wanalipia kupanda, sivyo? Basi anayeanzia chini kabisa ndiye mwenye ngazi ndefu. Darasa langu lipate sifuri wiki ijayo. Baada ya hapo nifundishe kawaida tu, wapande wenyewe.

Mke wangu aliposikia akaniuliza kama nimekunywa chai. Kutoka nyuma ya pazia mama mkwe akasema mkwe wake akili anazo, ila hazikai mahali pamoja. Nikamshukuru. Adabu.

Jumatano, 5 Februari

Nimefunga mlango wa darasa nikawapa siri. Watoto arobaini na mmoja, macho yamewatoka. Nikawaambia siku ya mtihani wajaze ovyo. Mtoto wa fundi saa akanyoosha kidole. Akasema maswali ni ya kuchagua, kila moja lina herufi nne, kwa hiyo ukijaza ovyo robo utapata tu.

Nikapiga hesabu kiganjani. Lo! Robo nzima, ya bure, na hatuitaki! Kumbe sifuri si kitu cha mchezo. Ili ulikose swali kwa uhakika, sharti kwanza ulijue jibu lake. Basi nimetangaza mpango mpya. Tutafute jibu sahihi, tukilipata, tulikimbie.

Ijumaa, 7 Februari

Sijawahi kuona mambo haya. Nawakuta wameshafika, madaftari wazi. Watoto ambao juzi walidhani sehemu ni mahali, leo wanashikana mashati juu ya theluthi mbili. Mapumziko hawayataki.

Yupo binti mmoja, mama yake dobi. Tunamwita Samahani, maana hutanguliza neno hilo hata akiitwa kwenye orodha. Miaka minne shuleni, hajapata hesabu hata moja. Leo wenzake walipotoka alibaki mezani kwangu. Akasema samahani mwalimu, hataki kuwaangusha wenzake, anaogopa atapata kwa bahati mbaya. Tukakata karatasi vipande, tukavipanga, tukavipangua, nusu saa. Mwishoni akasema ameelewa. Robo tatu ni kubwa kuliko nusu, kwa hiyo yeye ataandika nusu.

Nikampa hongera. Nikapenga kamasi. Huenda ni vumbi la chaki.

Jumatatu, 10 Februari

Siku yenyewe. Msimamizi ni mgeni, sisi walimu tukatolewa hadi koridoni. Bwana Rula akasema watoto wake wamenakili vya kutosha. Nikamtakia kila la heri, moyoni nacheka.

Nikachungulia dirishani. Samahani aliandika, akasita, akafuta, akaandika tena, akatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda. Yaani nililipenda mno, ndiyo maana sikulipenda.

Kengele ilipolia akanijia analia. Samahani mwalimu, swali la saba, lile la robo tatu. Alilitazama, akaona analijua. Tangu azaliwe hajawahi kulijua swali! Mkono ukakataa kuandika uongo. Moja tu, mwalimu, moja tu. Nikamwambia moja si kitu, nikampa leso yangu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwisha!

Darasa langu la Nne A, tisini na moja kwa mia. La kwanza shule nzima. Mwalimu Mkuu amenishika mkono mbele ya watu na kusema mimi ni mfano. Mfano! Kutoka tisini na moja nitapanda kwenda wapi? Kuna kushuka tu.

Nikawaita mmoja mmoja. Mtoto wa fundi saa akakiri moja, ile ngumu, alitaka tu kujua kama yuko sawa. Mapacha wakakiri mbili mbili. Kila mmoja aliona chake ni kidogo, sifuri wataibeba wenzake. Nimejumlisha maungamo yote, hayafiki hata kumi kwa mia. Hizo themanini nyingine sijui ziliandikwa na nani.

Na Bwana Rula? Kumi na tisa! Chini hata ya kubahatisha! Mimi naitafuta sifuri kwa jasho, mwenzangu anaikaribia akiwa ameketi. Alikuwa mnyonge ofisini, kichwa chini. Nilimwonea wivu mpaka nikaona haya.

Nyumbani nilieleza yote. Chumba hatukipati. Mke wangu akacheka mpaka akashika tumbo. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza yule mtoto wa dobi amepata ngapi. Nikasema thelathini na nne katika arobaini. Mama mkwe akasema mjukuu atalala upande wake, nafasi ipo, na siku akianza shule asipelekwe kwa mwalimu mwingine.

Nikatoka nje, eti kuanua nguo. Nimelia. Ndiyo, nimelia, na nguo zilikuwa bado mbichi.

Ijumaa, 14 Februari

Waraka wa pili! Mahudhurio nayo yatahesabiwa, kwa mtindo ule ule. Anayepanda anaongezwa. Siku ya kwanza ya kuhesabu, Jumatatu.

Ngazi nyingine hiyo, na bado chumba kiko wazi! Safari hii hakuna kalamu wala herufi nne, hakuna cha kujua wala kutojua. Nimewaambia kitu kimoja tu. Jumatatu asije mtu. Wakaitikia kwa pamoja, ndiyo mwalimu. Nilimtazama Samahani peke yake. Naye akaitikia.

Jumatatu, 17 Februari

Wamekuja wote.

Arobaini na mmoja, wamechana nywele, wameketi. Samahani akaeleza kwamba nilikuwa nimesema leo tunaanza desimali. Akafikiri wenzake hawatakuja, basi yeye mmoja nani atamwona? Wote walifikiri hivyo hivyo. Tena amekuja na mdogo wake, wa miaka mitano, hata hajaandikishwa. Amemfundisha robo kwa vipande vya gazeti, na mtoto akataka kumwona mwalimu wa vipande. Mwalimu Mkuu akapita na daftari lake, akahesabu vichwa, akahesabu tena. Arobaini na wawili katika arobaini na mmoja!

Nifanye nini? Nikafundisha desimali. Mdogo mtu alikaa kwenye kiti changu.

Lakini sivunjiki moyo. Mpango ni mzuri, kosa ni langu, niliwaeleza haraka haraka. Nimewaagiza kesho wafike mapema, wote, bila kukosa, niwafundishe vizuri namna ya kutokuja.