Mwimba Makombo

Jumanne, 6 Februari

Nimekwisha. Mama ameagiza wimbo.

Ngoja niandike taratibu. Kila Siku ya Wapendanao kwaya yetu hugawanyika wanne wanne, tunavaa vizibao vyekundu na kuzunguka mji kuwaimbia watu. Nyimbo mbili, waridi moja, kadi moja. Ni uimbaji uitwao wa kinyozi: wanaume watupu, sauti nne, hakuna kinanda. (Nusu yetu hatuna hata unywele wa kumpelekea kinyozi.) Leo mazoezini katibu alisoma maagizo kwa sauti. Namba kumi na moja: Bi. Ardith Stuckey, makao ya wazee ya Maple Court, ukumbi wa chakula, Jumatano ya tarehe 14, saa nane mchana. Maelekezo maalumu: mwanangu Verlin, ambaye ndiye mbeba wimbo, asimame mbele.

Wanaume thelathini na wawili wakaangua kicheko hadi majukwaa yakalia.

Mimi si mbeba wimbo. Mbeba wimbo wa wanne wetu ni Duane Hoffer, daktari wa meno mstaafu, mwenye nywele zake zote. Lowell anaimba tenori, juu. Gus anaimba besi, chini. Duane anaimba wimbo wenyewe, ule ambao hata mtoto anaujua. Mimi ni baritoni. Baritoni huokota sauti ambazo wenzake hawakuzitaka. Makombo! Ukinisikia peke yangu utadhani ni mtu anatafuta miwani yake chini ya kitanda.

Lakini miaka mitano iliyopita, nilipojiunga, Mama aliniuliza kama nitabeba wimbo kama marehemu baba. Baba yangu Everett aliimba katika kwaya hii miaka arobaini, na siku zote alimwambia Mama kwamba yeye ndiye mbeba wimbo. Katika kundi la wanaume hamsini wa enzi hizo nani angejua? Jioni yangu ya kwanza Gus, ambaye alisimama na baba miaka yote hiyo, alinionyesha mahali pa baba jukwaani. Kwa mabaritoni. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda kwa Mama nikasema ndiyo, nabeba wimbo. Tangu hapo ameshawatangazia Maple Court nzima, wazee, wauguzi na fundi wa mabomba.

Nikikiri uongo wangu, namfukua na baba. Mama ana miaka themanini na minane. Hilo sitalifanya.

Duane alinishika bega akasema, usijali mzee, mama ni mama. Upole wake unaniudhi kuliko vicheko vyote.

Alhamisi, 8 Februari

Nimemeza fahari yangu. Nilimwomba Duane tubadilishane, wimbo mmoja tu, siku moja tu. Nilitegemea akatae ili nipate haki ya kumchukia. Akakubali! Akasema twende tukajaribu sasa hivi.

Tukajaribu kwenye gereji ya Gus. Mstari wa kwanza niliubeba vizuri, nasema kweli. Mstari wa pili koo likateleza lenyewe kwenye makombo. Mara ya pili vilevile. Mara ya sita Gus alivua kofia kama mtu aliye msibani. Lowell akasema mbwa wa Gus ameomba kutoka nje. Mbwa ni kiziwi.

Duane akasema nyumba ina rangi na ina nguzo, na mtu asione haya kuwa nguzo. Nikamwambia yeye anasema hivyo kwa sababu ni rangi. Gus akatukemea tuache utoto, tuimbe kila mtu chake.

Tukaimba. Na kwenye ile sauti ya mwisho, ikaja. Ile ya tano. Wanne tunaimba, halafu juu ya vichwa vyetu inalia sauti nyingine ambayo hakuna anayeiimba, nyembamba, safi, na nywele za shingoni zinasimama. Haiji kila siku. Mmoja akikosea hata kidogo, haiji. Kwa ajili ya hiyo nimekosa chakula cha jioni kila Jumanne kwa miaka mitano na sijutii. Gus alikuwa analengwalengwa na machozi, akasema ni vumbi.

Lakini Mama hajui mambo ya sauti ya tano. Mama anajua nani yuko mbele.

Jumanne, 13 Februari

Siku ya mpango. Kila mwimbaji anajua maziwa na jibini huziba koo. Nikapika makaroni kwa jibini za aina tatu, trei nzima, nikapeleka mazoezini. Nia: Duane aamke kesho hana sauti, na mimi, kwa masikitiko makubwa, nijitolee.

Duane alikula sahani tatu. Akaomba aandikiwe namna ya kupika ampelekee mkewe. Kisha akasimama akaimba kuliko siku zote tangu nimfahamu. Watu wakampigia makofi katikati ya mazoezi!

Mimi nilikula sahani moja, ili nisishukiwe. Koo langu sasa linalia kama bawaba ya lango. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia nikiwa na kijiko mkononi. Nyumbani Nadine, mke wangu, aliniuliza jibini yake yote ya wiki imekwenda wapi. Nikamwambia nimeitoa kwa ajili ya sanaa. Amelala bila kuniaga.

Basi nimefanya jambo. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema popote. Katika wanne wetu mimi nina vyeo viwili tu: nashika kifilimbi cha kutolea sauti ya kuanzia, na nachapa ratiba. Kwenye karatasi ya Duane nimechapa: Maple Court, saa tisa. Nikaongeza kwamba kabla ya hapo apitie kwa muuza maua ng'ambo ya mji, atuongezee waridi.

Ni saa moja tu. Mtu hafi kwa saa moja.

Jumatano, 14 Februari

Aibu. Naanza na neno hilo ili nisilitafute baadaye.

Theluji ilianza asubuhi. Saa nane kasoro tano tuliingia ukumbini, watatu. Mama alikuwa meza ya mbele kabisa, nywele zimetengenezwa, shanga zake za lulu shingoni. Ubavuni mwake rafiki yake Bi. Wilma Dutton na kifaa chake cha kusikilizia. Nyuma yao wazee ishirini hivi, wamepewa keki ya rangi ya waridi. Mama akanielekeza kwa kidole akawaambia: huyo hapo, huyo wa mbele, ni wangu.

Lowell akanong'ona, Duane yuko wapi? Nikasema atachelewa, theluji, tuanze, nitabeba wimbo mimi. Gus aliniangalia muda mrefu. Ana macho ya ng'ombe yule mzee, ukitazamwa nayo unataka kukiri hata usiyoyatenda. Nikapuliza kifilimbi haraka.

Mstari wa kwanza, salama. Mama akampiga Wilma kiwiko. Mstari wa pili koo likaenda lilikozoea. Makombo! Nikajaribu kurudi, nikapotea njiani. Ikawa wimbo wenyewe haubebwi na mtu. Ilikuwa kama watu watatu wanahamisha kochi la pembe nne, nalo limeshaanza kuinama. Bi. Wilma akauliza kwa sauti kubwa kama tumeshaanza au bado tunasafisha koo.

Hapo mlango ukafunguliwa. Duane. Theluji hadi magotini, masikio mekundu, mikono imekumbatia waridi kama mtoto mchanga. Muuza maua alimhudumia upesi, akaona bora awahi kuliko kumweka mama wa mwenzake akisubiri. Gari likakwama chini ya kilima. Akapanda kwa miguu. Mtu wa miaka sitini na tisa!

Akawaomba radhi wote. Akasema kosa ni lake, amesoma saa vibaya, macho ya uzee. Na karatasi yangu alikuwa ameishika mkononi, imelowa, SAA TISA inasomeka hadi nilipokuwa nimesimama. Akaniangalia. Akajua. Akaikunja mara mbili akaitia mfukoni, akasema, haya Verlin, tupe sauti.

Ningependa kuandika kwamba niliungama palepale. Nilipuliza kifilimbi.

Akataka nibaki mbele, yeye akasimama nyuma ya bega langu. Akabeba wimbo kutoka huko nyuma, mimi nikaimba makombo yangu mbele, mdomo wazi, kama mwizi aliyevaa koti la mwenye nyumba. Na ikaja ile ya tano. Ukumbini mle, kwenye harufu ya keki na dawa, ikalia juu yetu hadi uma zikakoma kugonga sahani. Mzee mmoja mwenye kiti cha magurudumu alinyoosha kidole darini kuonyesha ilipo.

Makofi. Nikadhani nimepona. Mama akainua mkono kama mwanafunzi. Akasema sasa anamtaka Verlin peke yake.

Nikasema Mama, koo. Akasema koo nimekuzaa nalo, imba. Nikasema wimbo huu hauimbwi na mtu mmoja. Akasema, imba hivyohivyo unavyouimba, mwanangu, usibadili kitu.

Hakukuwa na mlango karibu. Nikaimba. Makombo matupu, mbele ya watu. Yanapanda bila sababu, yanashuka bila kuaga, yanang'ang'ania sauti moja mistari miwili halafu yanaruka. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikamwona Bi. Wilma akizima kifaa chake cha masikioni. Nilimwona baba pia, huko aliko, akijifunika uso.

Mama alikuwa amefumba macho. Mikono yake ilikuwa inazungukazunguka juu ya kitambaa cha meza. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anakausha vyombo.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama akaniita niiname. Akaniambia sikioni kwamba kwa miaka arobaini baba alikuwa anaosha, yeye anakausha, na kila usiku baba aliimba hicho kitu kisicho na kichwa wala miguu, kisha anageuka anamwambia yeye ndiye mbeba wimbo. "Mlidhani masikio yangu ni mapambo?" Makombo yangu aliyajua tangu Krismasi ya kwanza, nilipomwoshea sufuria huku nikiimba. Akanifinya shavu. "Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nikamuuliza, basi kwa nini uliagiza nisimame mbele?

Akasema yuko nusu kiziwi, nikisimama nyuma angenisikiaje? Mbeba wimbo yupo redioni kila siku. "Lakini hii ya baba yako, nani mwingine ataniimbia?"

Nililia mbele ya watu ishirini na keki. Lowell akalia kwa kunisindikiza. Nimemwahidi Mama: uongo basi. Nimeahidi na kimoyomoyo kwamba kesho asubuhi naenda kwa Duane kuungama, saa, jibini, yote.

Alhamisi, 15 Februari

Nimekwenda. Nimenunua pai ya tufaha, kubwa. Mkewe Duane alifungua mlango akasema mume wake yuko kitandani, homa na kikohozi, sauti imekatika kabisa kwa ile theluji. Akanishukuru sana kwa kuja. Akasema Duane anawaandikia watu wote jinsi nilivyoimba peke yangu, kwamba alitokwa na machozi.

Nilikuwa nimeandaa kadi. Nilitaka kuandika: ni mimi niliyebadilisha saa. Kalamu ikagoma. Nikaandika: ugua pole, kutoka kwetu sote. Nikashuka ngazi nimeinamisha kichwa, na mbwa wao akanisindikiza hadi garini kana kwamba mimi ni mtu mwema.

Haya yananila. Chakula cha mchana kimenishinda. Jibini nimeambiwa hakuna.

Saa kumi simu ikalia. Bi. Wilma Dutton. Jumapili anatimiza miaka tisini, anataka wanne wetu tukamwimbie. Akauliza kama anaongea na yule bwana aliyesimama mbele, mbeba wimbo. Nikamkumbuka akizima kile kifaa. Nilipoimba peke yangu hakusikia hata sauti moja. Aliniona tu.

Nikasema ndiyo, Bi. Wilma, ndiye mimi.

Sijui ilitokaje! Lakini tufikiri kama watu wazima. Duane ni mgonjwa. Mwanamke wa miaka tisini hawezi kuambiwa asubiri. Lazima mtu abebe wimbo, na koo langu leo liko safi. Safari hii sitateleza, nitafanya mazoezi bafuni, na Mama atakuwa palepale meza ya mbele aone mara moja mwanawe akiubeba kwelikweli. Nimeshachapa ratiba mpya. Nimeshampigia Gus. Alikata simu kabla sijamaliza, nadhani ni mtandao.

Nimemsomea Nadine mpango wote jikoni. Akanisikiliza hadi mwisho, akiwa anaosha vyombo. Kisha akaniuliza nani ataimba makombo.

Hilo sikuwa nimelifikiria.