Habari za Leticia wa Mfaranyaki na Ubao Uliokosa Chaki

Sogeeni, enyi watu wa Songea, na ninyi mnaopita njia tu mkielekea stendi. Mwenye mtoto ampakate, mwenye chungu motoni akiepue, maana habari hii ni nzito, haibebwi na sikio moja. Nasimulia vita visivyomwaga damu hata tone. Nasimulia habari za Leticia binti wa kijiji cha Hanga, mama wa mtoto Walburga, Leticia wa mkono mmoja kalamu na mkono mmoja nepi, ambaye hakuogopa nyoka wala radi, lakini sehemu za hesabu zilimtoa jasho.

Ilikuwa Jumapili jioni, kesho yake Mtihani wa Maarifa wa watu wazima waliokatiza shule, na mvua ya Novemba ikipiga bati kama ngoma za jeshi linalokuja. Katika darasa la kuazima, mtaa wa Mfaranyaki, wanafunzi wa jioni walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mbele yao alisimama Mwalimu Bartolomeo, mwenye miwani iliyofungwa uzi, mvushaji wa wengi waliokwama. Lilibaki somo moja tu, la kutoa sehemu zenye asili tofauti, somo lilelile lililomwangusha Leticia mwaka jana. Naye alikuwa ameapa: akianguka tena, vitabu vyake vitafungiwa maandazi, na ile ndoto ya kuwa mwalimu wa chekechea ataizika kimyakimya, bila hata matanga.

Basi hapo ndipo msiba ulipotua. Chaki ya mwisho, iliyokonda ikawa kama punje ya mahindi, ilimponyoka Mwalimu, ikaviringika sakafuni; naye, katika kuitafuta, akaikanyaga.

“Imekwisha,” akanena, akitazama soli ya kiatu chake. “Tangu nianze kazi hii sijafundisha sehemu kwa mdomo. Sehemu huonwa. Bila chaki hakuna somo, ndugu zangu. Nendeni nyumbani mkasali.”

Akainuka Rupert, dereva wa bodaboda, chui wa barabara za matope, akavaa kofia yake ngumu kama avaaye chapeo, akatoweka mvuani. Alirudi amelowa hadi soksi. “Maduka yote yamefungwa,” akatangaza. “Lakini sikurudi mikono mitupu.” Akatoa kipande cha mkaa, akauendea ubao kwa hatua za ushindi, akaandika mstari mrefu. Cheusi kikaingia katika cheusi, kisionekane tena.

“Umeandika vizuri sana, mwanangu,” akasema Mama Adela, muuza vitumbua, mkubwa wa darasa kwa umri na kwa ulimi. “Sasa tusomee.”

Wakaanza kukusanya madaftari. Leticia naye akainama chini ya dawati kumchukua Walburga, mwenye meno manne, ambaye hakuwa amesikiliza hata neno moja la maombolezo yale. Mtoto alikuwa amelifungua gunia la makopa, mihogo iliyomenywa na kukaushwa, ambayo bibi yake aliituma kwa basi siku hiyohiyo kutoka Hanga. Alikwisha kuonja kipande kimoja, akakikataa. Sasa alikuwa akikiburuza kwenye sakafu ya saruji.

“Walburga, acha, mama. Hicho ni chakula,” Leticia akasema, akanyoosha mkono amnyang’anye.

Mkono ukasimama hewani. Nyuma ya kipande kile ulibaki mstari, mweupe, mnyoofu kiasi. Wote mle ndani walikula muhogo tangu walipoachishwa ziwa, wakajua ni chakula, wakaishia hapo. Walburga peke yake hakuwa amepewa habari hiyo.

Leticia akachagua kipande kikavu kuliko vyote, akasimama.

“Mama Walburga, unakwenda wapi na makopa?” akauliza Mwalimu.

“Vitani, Mwalimu.”

Akauchora ubao. Weupe ukatokea. Mwalimu Bartolomeo akasogea, akagusa mstari, akalamba kidole. “Muhogo,” akasema taratibu. Kisha akacheka mpaka miwani ikalegea uzi. “Jamani, chaki ilikuwa humu, gunia zima, nasi tunalia. Hakuna aliyetufungia mlango, tuliuegemea wenyewe. Sasa kabla sijaigusa hesabu, kila mmoja ashike kitu chake, aseme kinaweza kazi gani ambayo hajawahi kukipa.”

Rupert akainua kofia yake ngumu. “Hii naweza kupimia mahindi sokoni.”

“Mimi nina mume,” akasema Mama Adela. “Ila Mwalimu, hata ile kazi ya kwanza bado naitafuta.”

Darasa likaangua kicheko kilichoizidi mvua. Kilipotulia, Mwalimu akamgeukia Leticia. “Na wewe? Una nini ulichokipa kazi moja tu?”

Leticia akagusa utosi wake. “Kichwa hiki, Mwalimu. Nimekibebesha ndoo.”

Hakucheka mtu.

“Haya,” Mwalimu akasema kwa upole. “Kipe nyingine.” Akaandika kwa muhogo: robo tatu, toa theluthi mbili.

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo vita vilipokuwa vikali. Upande huu nne, upande ule tatu, hazisikilizani. Leticia akaandika, akafuta kwa kiganja, unga ukamwagika hadi kwenye kanga. Akazitafutia nyumba moja ya kukaa zote mbili, akaipata: kumi na mbili. Robo tatu ikawa tisa ndani yake, theluthi mbili ikawa nane. Akatoa. Akaandika jibu, akarudi nyuma hatua moja.

Mwalimu akaweka alama ya vema, kubwa kama jembe.

Madawati yakapigwa kwa ngumi. Mji wetu una makumbusho ya mashujaa wa kale, na heshima yao ni yao, haigawanywi. Ya Leticia ni moja ya kumi na mbili tu, nyeupe ubaoni, imepinda kidogo upande wa kulia, naye alisimama akiitazama mpaka Mwalimu akamwambia, “Kaa sasa, mwalimu mwenzangu, tuendelee na la pili.”