Waraka wa Kutofuta Tepu

Siku ya Jumatano, tarehe 10 Machi 2004, saa nne kasorobo asubuhi, Ofisi ya Kanda ya Hesabu ya Mikorosho, Mtwara, ilitangaza rasmi kwamba usahaulifu umepigwa marufuku.

Tangazo lilibandikwa mlangoni. Mwanaidi alilisoma mara mbili, maana jina lake lilikuwamo. Miaka kumi na tisa alikuwa mpiga chapa wa ofisi hiyo, hadi seva ilipoletwa. Hapo akaenda masomo ya jioni ya kompyuta, akakaa benchi moja na vijana waliomwita bibi, akapata cheti na kufanywa mtunza tepu kwa majaribio. Mwisho wa Mei ama angethibitishwa kazini ama angekwenda nyumbani. Kurudi kupiga chapa haikuwezekana. Mashine zilikwishapigwa mnada.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Kila alasiri alichomeka tepu ya siku hiyo kwenye seva, ili yote yaliyomo, mikorosho ya wakulima pamoja na taarifa za watumishi, yanakiliwe. Seva ikifa, tepu iifufue. Zilikuwa tepu tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Wiki ikizunguka, programu ilimuuliza: tepu hii ina kumbukumbu za wiki jana, je, niandike juu yake? Mwanaidi alisema Bismillahi, akabonyeza ndiyo.

Jumanne ile, kabla ya tangazo, Mkurugenzi Kasiani alikuwa amesimama nyuma yake, akitafuta mtu wa kumwazima kalamu.

"Umebonyeza nini hapo?"

"Ndiyo, mzee. Ya wiki jana inafutika, ya leo inaandikwa."

"Inafutika? Kumbukumbu ya serikali?"

"Lakini ya leo ina yote ya wiki jana, mzee, na nyongeza."

"Mama, mimi nimeingia serikalini wewe bado unanyonya. Sijapata kuona faili linamla mwenzake. Umefanya hivi mara ngapi?"

Mwanaidi hakujua kusema uongo. "Kila siku ya kazi, mzee. Miaka miwili."

Akapewa barua ya kujieleza: kwa nini asifukuzwe kwa kuangamiza kumbukumbu za serikali mara mia tano na ishirini. Mkaguzi kutoka makao makuu angekuja Mei kusikiliza shauri.

Kisha ukatoka Waraka Namba Moja, ndio lile tangazo la mlangoni: kumbukumbu ya serikali haifutwi, haibadilishwi, wala haiandikwi juu yake. Ikaundwa Kamati ya Ustawi wa Tepu, wajumbe saba, mmoja wao akiwa na ujuzi, kwa kuwa aliwahi kumiliki redio kaseti. Kamati ikagundua kasoro nzito zaidi: tepu zilikuwa zinazurura bila jalada. Kila karatasi ya serikali hutobolewa, hupitishwa uzi wa kijani, hufungwa ndani ya faili. Tepu ni nani hata zisamehewe?

Fredi, mkuu wa masijala, alianza na kitobolea karatasi. Kikavunjika. Akaitwa Bakari seremala, aje na keekee.

"Kaka Fredi," Mwanaidi akasihi, "ukiitoboa imekufa."

"Dada, mimi nimetoboa barua za mawaziri. Hakuna iliyokufa."

Bakari akajifuta jasho. "Tundu liwe upande gani?"

"Kushoto, kama kawaida."

Zote tano zikatobolewa, zikafungwa uzi, zikagongwa mhuri, zikaingizwa kwenye sefu. Kwa kweli zilipendeza. Kamati ikapongezana kwa soda.

Ilinusurika tepu moja tu, ya kwanza kabisa, ya Januari 2002. Fundi aliyefunga seva aliagiza ikae mbali na ofisi, moto usije ukala vyote. Mkurugenzi aliiweka nyumbani kwake Shangani, kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya seti ya glasi na picha ya komunio. Wageni walionyeshwa. "Hiyo ndiyo ofisi nzima," aliwaambia, nao wakapunguza sauti.

Tepu mpya ziliagizwa Dar es Salaam, mvua ikakata barabara. Kila alasiri programu iliomba tepu, na kila alasiri Mwanaidi aliandika daftarini: "Tepu imeombwa. Tepu hakuna." Mkurugenzi alitia saini kila ukurasa na kuongeza: "Safi. Endelea."

Tarehe 4 Mei, saa nane mchana, radi ikapiga. Seva ikatoa moshi kidogo, moshi wa adabu, ikanyamaza.

Mkaguzi Jesca alipofika na seva mpya, alikuta wakulima wamejaa kwenye ngazi wakidai vyeti vya mikorosho, na ofisi haijui hata mkorosho mmoja.

"Yangu mia na arobaini iko palepale Madimba," alisema mzee Mohamedi. "Twendeni mkaihesabu. Yenyewe haijapigwa radi."

"Leteni tepu," Jesca akaamuru.

Fredi akaleta faili kwa mikono miwili. Jesca akainua tepu ya Jumatatu, akamwona Mwanaidi kupitia tundu.

"Nani kafanya hivi?"

"Utaratibu," Fredi akajibu.

Mkurugenzi akakohoa. "Moja ipo kwangu." Gari likatumwa Shangani. Mkewe, Mama Veronika, akaitoa tepu kabatini, akaipangusa, akamwagiza dereva kwamba kitambaa kirudi.

Mwanaidi akaomba dakika kumi. Akatawadha, akaswali rakaa mbili katika stoo ya daftari, akamwomba Mola asimuaibishe yeye na cheti chake. Akarudi, akachomeka. Tepu ikaguna, ikazunguka. Baada ya saa moja mikorosho ilianza kurudi, Naliendele, Madimba, shamba kwa shamba, na wakulima waliokuwa dirishani wakaipokea kwa vigelegele kama maharusi.

Kisha wakarudi watumishi, na printa ikatoa barua moja yenyewe, kama ilivyofundishwa kufanya kwa kila aliyetimiza miaka sitini. Jesca akaisoma kwa sauti. Ndugu Kasiani, mzaliwa wa 1943, alistaafu Juni 2003.

Ofisi nzima ilijua kwamba Februari 2003 Mkurugenzi alikula kiapo cha umri na kuzaliwa upya mwaka 1949. Kanisani kuzaliwa upya hutaka maji; serikalini hutaka mhuri tu.

"Hiyo ya zamani!" alisema Kasiani. "Kiapo changu kipo."

"Kipo wapi?"

"Kwenye seva." Hakutaka karatasi ile izagae masijala, watu wakaisoma. Wote wakaitazama seva ya zamani pale barazani. Kuku alikuwa ameitagia.

"Bi Mwanaidi, rekebisha. Andika juu yake."

"Mzee, Waraka Namba Moja."

Jesca akauomba waraka. "Kasaini nani?"

"Mimi."

"Machi 2004. Ulikuwa umeshastaafu. Waraka huu ni batili."

Uso wa Kasiani ukang'aa. "Basi kufuta ruksa!"

"Ruksa, kwa idhini ya maandishi ya mkurugenzi. Ofisi hii haina mkurugenzi."

Mwanaidi akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Na barua yangu ya kujieleza, mama?"

"Umeandikiwa na raia," alisema Jesca. "Raia wana haki ya kuandika barua." Akafungua kalamu, akamthibitisha kazini palepale.

Tepu mpya zilifika Jumatatu. Jumanne asubuhi, katika foleni ya wakulima, mkiani kabisa, alisimama mwenye mikorosho thelathini huko Naliendele. Zamu yake ilikuwa mbali. Mwanaidi akamfuata na fomu.

"Mwaka wa kuzaliwa, mzee?"

Kasiani akavuta pumzi. "Arobaini na tisa."

"Sawa, mzee. Waliopita miaka sitini tu ndio hawapangi foleni."

Kasiani akaitazama foleni, akalitazama jua.

"Arobaini na tatu," alisema.

"Bismillahi," akasema Mwanaidi, akaiandika, kisha akamshika mkono na kumpitisha mbele.